Maharagwe ya katogo hayaivi Kabale: tatizo si mkono wako

"Mwalimu, tulihamia Kabale, huku milimani kusini magharibi mwa Uganda, mwezi wa tatu kutoka Jinja kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Baridi ya Juni hii imetukamata kweli, na watoto hawataki kitu kingine ila katogo ya maharagwe, chakula tulichokizoea tangu nyumbani. Shida ni kwamba huku maharagwe hayaivi. Naloweka saa tatu, nabandika pamoja na nyanya, kitunguu na chumvi, halafu natia matooke, ndizi za kupika, juu. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku yanatokota tu, na ukitafuna bado yanalia. Jirani akaniambia nitie magadi. Nikatia kijiko kizima: maganda yakawa rojo, matooke yakawa meusi, chakula kikanuka sabuni. Juma lililopita tulikula yakiwa magumu kidogo, na usiku watoto wawili wakatapika. Mama mkwe anasema ninayaua maharagwe kwa kuongeza maji baridi. Muuzaji anaapa ni ya msimu huu. Mume wangu anataka tununue sufuria ya presha lakini mimi naogopa kulipukiwa. Siku hizi sigiri, jiko langu la mkaa, naiweka sebuleni ili angalau tupate joto wakati yanachemka. Nifanye nini?"

Dada, pole na baridi, na pole zaidi kwa watoto. Umeuliza mengi, lakini nitaanza na jambo ulilolitaja mwishoni kama la kupita: sigiri sebuleni. Itoe leo. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huendelea kuitoa hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, wakati ambao wengi hudhani sasa ni salama kuyaingiza ndani. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Sigiri ya saa sita katika chumba kilichofungwa madirisha ni hatari inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa hiyo kutapika kwa wanao kuna washukiwa wawili, na maharagwe ni mmoja tu.

Jaribu kukumbuka usiku ule. Je, nanyi wakubwa mliumwa kichwa? Watoto walipata nafuu mlango ulipofunguliwa au walipotoka nje? Hayo yanaelekeza kwenye gesi. Sumu ya maharagwe mabichi ina mwendo wake: huanza saa moja hadi tatu baada ya kula, kwa kichefuchefu kikali na kutapika, kisha tumbo kuuma na kuharisha, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya saa chache. Inatokana na lektini, protini ambayo maharagwe mekundu yanayo kwa wingi zaidi. Kuchemka kwelikweli huiharibu, uvuguvugu hauiharibu. Maharagwe yaliyokaa kwenye nyuzi 80 bila kutokota yanaweza kudhuru hata kuliko mabichi. Basi kama siku ile sufuria ilitokota saa nyingi, lektini ilikuwa imekwisha hata kama punje zilibaki ngumu, na mimi ningeishuku sigiri kwanza. Kama moto ulififia na sufuria ikakaa tu juu ya majivu ya moto, shuku maharagwe.

Likitokea tena, toeni watoto nje kwenye hewa kabla ya jambo lolote. Mtoto anayetapika zaidi ya saa chache, asiyekojoa, anayelia bila machozi, anayesinzia kupita kawaida au mwenye damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Njiani aendelee kunyweshwa maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, pakiti moja kwa lita moja. Na kama kutapika kumeambatana na jasho jingi, mate kumwagika na mwili kutetemeka, hiyo ni dharura ya aina nyingine: huenda maharagwe yaliwekewa dawa ya wadudu. Nenda hospitali mara moja na ubebe maharagwe yaliyobaki.

Sasa tuje kwenye sufuria yenyewe.

Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji yanapata urahisi wa kugeuka mvuke kabla hayajapata moto wa kutosha. Hesabu ya haraka ni nyuzi moja chini kwa kila mita 300 hivi. Jinja iko kidogo juu ya mita 1,100, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale iko karibu mita 2,000, na huchemka kwenye nyuzi 93. Ukitazama kwa macho ni mapovu yaleyale, ila yana moto pungufu. Na hapa ndipo mkaa mwingi unapopotea bure: maji yakishachemka, kuongeza mkaa hakuongezi joto la maji hata kidogo. Kunaongeza mvuke tu. Sufuria inayotokota taratibu chini ya kifuniko na ile inayorusha maji hadi kwenye sigiri zina joto sawa.

Nyuzi tatu zinaonekana kidogo, lakini kuiva kwa haragwe ni kazi ya kuyeyusha pektini, ile gundi inayoshikilia chembe za ndani ya punje kama udongo unavyoshikilia matofali, na gundi hiyo ni mvivu sana chini ya nyuzi 100. Tegemea robo hadi nusu ya muda zaidi kuliko Jinja. Maharagwe yaliyokuwa yakikuchukua saa mbili kule, hapa yatataka mbili na nusu hadi tatu. Lakini angalia: hiyo bado si saa sita. Mlima una sehemu yake, ila haukueleza yote, na ukiulaumu peke yake utaacha makosa mengine matatu jikoni.

La kwanza ni kuloweka saa tatu. Jinja saa tatu zilikuwa nusu kazi, kwa sababu maji ya ndoo kule yana uvuguvugu. Kabale usiku wa Juni joto hushuka hadi nyuzi kumi hivi, na haragwe hunywa maji ya baridi polepole sana. Punje inaingia sufurini ikiwa imelainika ganda huku kiini chake ni kikavu kama siku iliyopurwa. Huku weka saa kumi na mbili hadi kumi na sita, yaani tangu jioni hadi kesho yake asubuhi au adhuhuri. Baridi hapa ni rafiki yako, hayatachacha. Ukisahau kuloweka, kuna njia ya mkato: chemsha maji, tia maharagwe, yatokote dakika tatu, epua, funika saa moja, mwaga maji, ndipo uanze kupika. Haifikii kuloweka usiku kucha, lakini inaokoa siku.

La pili ni nyanya. Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika maelezo yako. Nyanya ina uchachu, na uchachu huikaza pektini isiyeyuke. Ndimu na ukwaju hufanya vivyo hivyo. Ukiitia nyanya pamoja na maharagwe tangu mwanzo, unayapika huku unayakaza. Jinja ulikuwa unaponea chupuchupu kwa sababu joto lilitosha kushinda, na Kabale halitoshi. Nyanya iingie maharagwe yakiwa yameshalainika kabisa, si dakika moja kabla.

La tatu ni maharagwe yenyewe. Muuzaji wako huenda haongopi kwa makusudi, lakini mavuno ya msimu wa kwanza ndiyo kwanza yanaanza kuingia sokoni Juni na Julai. Yaliyokuwa guniani mwanzoni mwa Juni mara nyingi ni ya Desemba au Januari, na huenda yalikaa kwenye stoo ya joto na unyevu mahali pengine kabla ya kupandishwa huku. Joto na unyevu wa stoo ndivyo vinavyoharibu. Ndani ya punje madini ya kalsiamu na magnesiamu huachiliwa na kujifunga kwenye pektini, na gundi ile inageuka kuwa karibu saruji. Maharagwe ya namna hiyo hunywa maji vizuri, huvimba vizuri, na bado hayalainiki. Ni tofauti na yale yaliyokaushwa kupita kiasi, ambayo ganda lake limejifunga na hayanywi maji kabisa. Haya ya pili utayaona asubuhi ndani ya bakuli: madogo, yanang'aa, yamekaa katikati ya wenzake walionenepa. Yatoe uyatupe, maana ndiyo yanayokuvunja meno wakati mengine yameshaiva.

Sokoni, kabla hujanunua tumpeco tatu, vile vikombe vya kupimia, nunua nusu. Kati ya aina za maharagwe, nambale iliyochoka huwa imefifia mng'ao. Kanyebwa husema wazi zaidi, kwa sababu sehemu yake nyeupe hugeuka kahawia kadiri inavyozeeka. Loweka punje ishirini usiku, zipike kesho yake peke yake bila chochote. Zikilainika ndani ya saa tatu, rudi ukanunue kwa huyo huyo. Usichanganye ya zamani na mapya kwenye sufuria moja, utakuwa na uji na kokoto pamoja. Na kwa kuwa ni Juni, tafuta yale mabichi yaliyotolewa kwenye maganda yakiwa bado laini. Hayahitaji kulowekwa, yanaiva kwa saa moja hivi hata Kabale, na kwa katogo hakuna yanayoyashinda.

Kuhusu mama mkwe na maji baridi: hajakosea kabisa, ila sababu ni nyingine. Maji baridi hayafanyi haragwe likatae kuiva milele. Yanachofanya ni kuzima mchemko. Ukimimina nusu lita ya maji ya bomba la Kabale kwenye sufuria, unaweza kupoteza dakika kumi au kumi na tano kabla haijatokota tena, na ukifanya hivyo mara nne umepoteza saa nzima ya kuiva na mkaa wake. Maganda nayo hupasuka. Weka birika la maji moto pembeni ya jiko na uongeze kutoka humo. Mpe mama ushindi wake, inapendeza nyumbani.

Kwenye chumvi sasa nitakushangaza, maana karibu kila mtu amefundishwa kwamba chumvi hukaza maharagwe. Ni kinyume. Chumvi kwenye maji ya kulowekea husaidia: sodiamu yake huingia kwenye ganda na kuchukua nafasi ya ile kalsiamu inayokaza, na ganda hulainika bila kupasuka. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita ya maji kinatosha, na maji hayo unayamwaga. Kama birika lako lina ukoko mweupe ndani, maji yenu yana madini mengi, nayo hukaza maharagwe. Pikia maji ya mvua ukiweza kuyakinga.

Magadi yanafanya kazi, jirani hakukudanganya. Yanayeyusha pektini haraka, ndiyo maana maganda yako yalikuwa rojo. Lakini kijiko kizima ni kingi mno. Ile ladha ya sabuni ni magadi yaliyozidi, na weusi wa matooke ni utomvu wake uliobadilika rangi ndani ya maji ya magadi. Kuna gharama mbili nyingine zisizoonekana. Magadi huharibu vitamini B1, ambayo maharagwe ni chanzo chake kizuri. Na magadi ya mawe yanayochimbwa maziwani, ya Natron kwa mfano, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo hutia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto yakiwa bado yanajijenga. Kwa familia yenye watoto wadogo sishauri mawe hayo yawe kiungo cha kila siku. Maharagwe yakikushinda kabisa, tumia bekingi soda ya dukani, robo ya kijiko cha chai kwa tumpeco moja ya maharagwe makavu, tena kwenye maji ya kulowekea ambayo utayamwaga. Chumvi ya majivu wanayotumia Teso na Lango ni dawa ya namna hiyohiyo, inalainisha na ikizidi inaharibu ladha.

Sasa katogo yenyewe, ya watu sita. Pima tumpeco moja ya maharagwe, ambayo ni kama nusu lita, au gramu 400 kidogo kupungua. Chagua mawe, osha, loweka kwenye lita moja na nusu ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja na nusu cha chumvi. Asubuhi mwaga maji, toa punje zilizokataa kuvimba, suuza. Bandika kwenye lita mbili za maji mapya, bila kitu kingine ila kitunguu kimoja kizima ukipenda. Moto uwe mkali mwanzoni na yatokote kwa nguvu dakika ishirini, kifuniko kikiwa nusu. Hizo ndizo dakika za kumaliza lektini, na kwa kuwa maji yenu ni ya nyuzi 93, usizipunguze. Engua povu. Kisha punguza hewa ya sigiri, funika vizuri, yaendelee kutokota taratibu.

Anza kuyapima baada ya saa moja na nusu. Usipime moja. Chota matano kutoka pande tofauti za sufuria, hasa ya juu, na yabonyeze kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Yote matano yapondeke bila meno. Lile jaribio la kupuliza punje kwenye kijiko hadi ganda lijikunje linaonyesha kwamba ganda limelegea, halisemi lolote kuhusu kiini. Moja kati ya matano likiwa na chembe ngumu katikati, ongeza nusu saa. Maji yasishuke chini ya maharagwe, yanayochungulia nje ya maji hayaivi.

Yakishapondeka, menya matooke kumi na tano hadi kumi na nane. Paka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, na kila unalomenya litumbukize kwenye maji yenye chumvi kidogo lisibadilike rangi. Hakikisha ni matooke ya kupika. Mbidde, ndizi za pombe, zinafanana nayo kwa mgeni, lakini ni chungu na hazilainiki vizuri, na kwa kuwa Kabale matooke mengi huletwa kutoka Ankole, mchanganyiko hutokea ndani ya lori. Lamba utomvu kidogo au kata kipande utafune: ukikunja uso, rudisha. Panga matooke juu ya maharagwe, mchuzi ufike nusu yake tu, funika kwa jani la mgomba ukilipata, juu yake kifuniko. Dakika thelathini na tano hadi arobaini na tano. Wanga wa matooke hulainika kwenye joto la chini zaidi, kwa hiyo mlima hauyasumbui kama maharagwe. Ndiyo maana kuyabandika pamoja kulikuwa kunakuletea matooke yaliyosagika juu ya maharagwe mabichi.

Wakati huo kaanga kitunguu kwenye vijiko vitatu vya mafuta hadi kiwe rangi ya dhahabu, tia nyanya tatu au nne zilizokatwa, pika hadi mafuta yajitenge, tia binzari kidogo kama mnaipenda. Mimina juu ya katogo, onja chumvi, acha dakika kumi. Tikisa sufuria badala ya kukoroga na mwiko, matooke yasivunjike. Kwa usiku wa baridi hasa, koroga vijiko vitatu vikubwa vya karanga za kusaga kwenye maji ya uvuguvugu, mimina, na usiondoke jikoni hizo dakika kumi, maana karanga hushika chini upesi na moshi wake huingia kwenye chakula chote. Kijiko cha samli ya Ankole mwishoni ni hiari, lakini ni hiari ambayo mimi siikatai.

Pakua moto. Matooke yakipoa wanga wake hujikaza tena, na Kabale yanapoa kabla hujamaliza kuwaita watoto. Wengi wanaolalamika kwamba matooke hayakuiva walikula yaliyoiva yakapoa. Viringisha sufuria kwa blanketi mezani. Kinachobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kesho ongeza maji kidogo na ukipashe hadi kitokote chote, si kingo tu.

Na matooke yakiwa ghali, emondi za Kabale, yaani viazi mviringo, zinafanya katogo nzuri kuliko watu wa Jinja wanavyokubali. Zinaingia mahali pa matooke, dakika ishirini na tano, na kwake pia nyanya ije mwisho, kwa sababu ileile.

Sufuria ya presha: mume wako ana hoja. Ndiyo njia pekee inayoondoa tatizo la mlima badala ya kulivumilia, kwa kuwa inafunga mvuke na kupandisha joto ndani hadi nyuzi 116 au 117 huko kwenu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku yanataka dakika 25 tangu uzito wa juu uanze kupiga kelele, kisha unaepua na kuiacha ipoe yenyewe. Ukihesabu mkaa wa saa sita kila mara, haichukui muda mrefu kujilipa. Hofu yako nayo ina msingi, ila ina tiba. Nyingi hupata ajali kwa sababu maganda na povu vimeziba tundu la mvuke, au mtu amelazimisha kifuniko kabla mvuke haujaisha. Usiijaze zaidi ya nusu, maji yakiwemo. Tia kijiko cha mafuta kupunguza povu. Kila mara kabla ya kufunga, inua kifuniko kwenye mwanga uchungulie tundu: uone upande wa pili. Mpira ukianza kupasuka au kulegea, badilisha, na kwa hiyo nunua aina ambayo mipira yake inauzwa mjini kwenu. Mara ya kwanza ipikeni na mtu aliyezoea, akiwa amesimama hapo jikoni. Hilo halifundishiki vizuri kwa maandishi. Na matooke yaingie baada ya kuifungua, sufuria ikiwa wazi.

Kama hela haipo sasa, kuna kikapu cha kuhifadhi moto: kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu, sufuria inafukiwa katikati ikiwa bado inatokota. Kinaokoa mkaa, lakini Kabale nakisifu kwa kipimo. Kinaanza na nyuzi 93 na kutoka hapo ni kushuka tu. Maharagwe yaingie humo yakiwa yameshatokota angalau dakika 40 na yamelowekwa vizuri, yakae saa tatu au nne, halafu yarudi jikoni yatokote tena. Usiingize humo maharagwe yaliyochemka dakika tano, hayo ndiyo mazingira ya sumu ya lektini niliyoyataja mwanzoni.

Na hayo uliyonayo stoo, yale yanayovimba na kugoma? Usiyatupe, yafanye firinda kama wafanyavyo Tooro. Yaloweke siku nzima na usiku, ukibadilisha maji mara mbili, kisha yasugue kati ya viganja ndani ya beseni. Maganda yatapanda juu, yaengue. Punje zilizobaki tupu, zilizogawanyika mara mbili, maji yanazipenya pande zote, na hata zile kaidi hulegea. Chemsha hadi zivurugike, ponda kwa mwiko dhidi ya ubavu wa sufuria mpaka upate rojo nzito, tia chumvi, kitunguu na samli, acha itokote polepole dakika kumi ikitoa mapovu mazito kama uji. Simama mbali kidogo, inaruka na inaunguza.